Futari ya Jumatatu na Alhamisi

Vita vya Maji Maji vilipoanza, askari wa Mdachi walimchukua mume wangu kwenda kubeba mizigo. Nikabaki Mbwera na mama mkwe na mtoto wangu wa kunyonya. Chakula chetu kilikuwa mpunga uliokuwa katika vilindo viwili, yale mapipa ya gome la mti: kimoja cha kula, kimoja cha mbegu. Cha kula kilikuwa kimefika nusu na mvua za kupandia zilikuwa bado mbali. Huko milimani tulisikia maghala yanachomwa moto, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkimbilia. Tukila mbegu, hatuna shamba.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Kila tunapopima mchele wa kupika, tutoe konzi moja tuirudishe. Mama mkwe alinicheka.

"Konzi ya mwenye njaa, mwanangu, inapungua kila siku. Tutafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Tumbo likijua ni ibada halisumbui."

"Na mimi ninayenyonyesha?"

"Wewe utakula. Usinibishie."

Sikuipenda hata kidogo. Siku hizo nilikunywa uji wangu peke yangu huku yeye amekaa barazani anasuka ukili, hata mate hamezi. Ila lazima niseme kweli, mpunga ulikwenda polepole.

Kosa letu hatukuliona. Jirani yetu, mjane aliyelea wajukuu, alipojua mama mkwe anafunga, akaanza kuleta futari. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu, na mjane yule hakuwa mtu wa kuacha thawabu zimpite. Jua likizama tu, bakuli la uji wa mchele hilo mlangoni. Kumkatalia hatukuweza, na kumwambia mama mkwe anafunga kwa ajili ya njaa tuliona haya. Tulirudisha bakuli na samaki mkavu ndani, tukajiona tumemaliza.

Mvua zilipokaribia, kilindo cha mbegu kilikuwa hakijaguswa. Mama mkwe alikipigapiga kwa kiganja, anacheka mwenyewe. Siku zile zile mjane akaja, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Dada, niazime mbegu. Nikivuna nitarudisha."

"Zako zimekwenda wapi?" nikadakia mimi, maana mdomo wangu haukujua kungoja.

"Si tumekula, mwanangu. Hata futari nilikuwa naitoa humo humo."

Hakusema kwa kulaumu. Mama mkwe akasema, "Dada, mimi nilikuwa nabana mpunga. Sunna niliisingizia."

Mjane akamtazama. "Basi hayo yako na Mungu. Thawabu zangu mimi nimeshapata. Nipe mbegu."

Mama mkwe akafungua kilindo, akampimia kibaba baada ya kibaba, kila kimoja kimefura juu, mpaka ikabaki nusu. Nililia waziwazi na sikujificha. Nilikuwa nikihesabu midomo: yake, yangu, ya mtoto, na ya mume wangu atakaporudi na njaa ya safari.

Tulipanda nusu ya shamba, mjane naye akapanda nusu ya lake. Kwingine kukaota nyasi. Mavuno yalikuwa madogo, lakini mume wangu hakurudi, na kwa tuliokuwapo yakatosha.