Noti Iliyokataliwa Kwao

Mashine ya banki yetu ya Nguba ilinipa noti ya dola makumi tano wakati mushahara wangu wa ualimu ulikuwa haujaingia. Nikauliza dirishani.

“Ni découvert, papa,” dada wa banki akanieleza. “Pesa ikiisha kwenye konti, banki inakukopesha. Inakulinda.”

Inanilinda na nani, sikuelewa, lakini nikashukuru.

Noti yenyewe ilikuwa na kipasuko pembeni, kidogo kama ukucha wa mutoto. Sokoni Kadutu kila maman muuzaji aliinyanyua juani, akaiona, akanirudishia. Hapa kwetu dola ikipasuka kidogo tu, hakuna anayeitaka. Basi nikairudisha banki, ilipe deni lake yenyewe.

Dada yule yule akaisukuma kwangu chini ya kioo. “Hii iko imepasuka, papa. Règlement, sheria ya banki, inatukataza kuipokea.”

“Imetoka kwenu.”

“Kutoa ni mashine, papa. Kupokea ni mimi.”

Nafundisha hesabu, lakini hii imenishinda. Noti iko mufukoni mwangu, mji wote unaikataa. Kwenye deni langu tu ndiko haijapasuka, na kila juma inazaa riba.