Machozi Niliyomkataza Nyaboke

Kosa ni langu, sitafuti wa kumtupia. Niliamini, kwa imani ile ile ninayoishikia Sabato, kwamba mtoto aliyeumia kichwa akilia, ubongo humtoka kidogo kidogo kupitia machoni.

Chekeni. Hata mimi ningecheka, kama huyo mtoto asingekuwa dada yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, Nyaboke minne. Nilimbeba mgongoni tukienda kituo cha kuuzia majani chai, huku Gesima, nikikimbia kwa mbwembwe kuliko lori la chai lenyewe. Nikateleza. Kichwa chake kikagonga saruji. Alilala hospitalini wiki tatu, akarudi na kovu juu ya sikio na usahaulifu mwingi. Akikasirika, alitetemeka mwili mzima.

Habari ya ubongo nilipewa na mama mmoja kwenye foleni ya mizani. "Mchunge asilie," aliniambia. "Hayo si maji. Ni akili yake inamwagika."

Basi nikawa askari wa machozi. Nyaboke akikunja uso tu, nishafika, kiganja mdomoni. "Kira," namwambia, yaani nyamaza kwa Kigusii chetu. "Kira, ubongo utaisha." Akichapwa shuleni kwa kusahau, kira. Mama alipofariki, Nyaboke akiwa na miaka tisa, nilimvuta nyuma ya migomba nikamziba mdomo mpaka kaburi likajaa udongo. Hakutoa hata tone. Waombolezaji walimsifu kwa ujasiri, nami nikavimba kifua kama mgeni rasmi wa harambee.

Cha aibu zaidi, baadaye nilisoma. Nilimaliza shule ya jioni pale Masimba nikiwa na miaka ishirini na sita, na cheti changu ukutani ni kikubwa kuliko dirisha. Kwenye mtihani nilichora ubongo na mfupa unaouzunguka, nikapata alama zote, na za ziada ningepewa kama zingekuwepo. Nikarudi nyumbani, nikamkuta Nyaboke anafuta jicho, nikamwambia: kira. Mchoro ulibaki kwenye karatasi.

Wakati huo maneno yalikuwa yameanza kumpungukia. Alikaa jikoni kutwa, macho makavu kama changarawe. Mvua ikipiga mabati, anainua kidole: "Kira." Birika likichemka: "Kira."

"Huyu hata mvua inamwogopa," niliwaambia wageni, tukacheka hadi mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Siku moja nilimkuta akigonga lile kovu ukutani, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Nikasema ni uchovu.

Kisha tukapata mtoto.

Msimu huu wa mvua, mke wangu Moraa alienda kuchuma chai, akamwacha binti yetu wa miezi mitatu amelala, Nyaboke akimtazama. Hakufika mbali, akakumbuka kikapu. Aliporudi nyumba ilikuwa kimya, kimya kile ambacho nyumba yenye mtoto haina.

Nyaboke alikuwa ameketi, mtoto mapajani, kiganja kimemfunika mdomo na pua. Alikuwa akimpembeza kwa upendo.

"Moraa, nimemwokoa," akasema. "Alikuwa anaumaliza ubongo."

Moraa alimnyakua. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Akapigwa mgongoni, akatikisa miguu, akavuta pumzi, akalia. Nyaboke alipokisikia kilio akaziba masikio, akajikunja chini ya meza.

Jioni Moraa aliniuliza swali moja tu. "Ule mkono ulikuwa wa nani?"

Nikautazama wangu. Anajua.

Ewe unayesoma, ukipewa dawa ya kichwa cha mtoto kwenye foleni, kamuulize anayejua kabla hujaweka kiganja. Na ukishajua, usiuache ukweli darasani. Mimi swali langu nililipeleka nikiwa nimechelewa miaka kumi na minane.

Niliungama yote kliniki, Nyamira, Nyaboke akiwa kati yangu na daktari wa akili, mwanamke wa rika langu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Kisha akasema:

"Kaka, machozi ni maji. Ubongo hautoki machoni. Dada yako aliumia, akaogopa, akafiwa, na hakuruhusiwa kulia hata mara moja. Sasa mwache alie."