Chini Kuna Watu

Mokami alipounganisha vioo vitatu na kibodi tatu kwenye kompyuta moja iliyokaa chini ya meza ya duka lake la kuchapia barua, watu wa Nyamongo walicheka mpaka wakashika mbavu. Eti kamwoza mke mmoja kwa waume watatu. Mokami akawajibu kwamba mke mwenyewe hajalalamika, wanaolalamika ni waume wa jirani.

Enzi zile dhahabu iliwapanda watu kichwani. Aliyeokota chembe mbili alinunua redio ya kuwakosesha usingizi majirani. Mzee Wangwe, mwenye fremu, yaani chumba cha duka alichompangisha Mokami, naye akataka hadhi. Kulikuwa na jamaa wa Mwanza aliyeitaka fremu ile, mwenye kompyuta tano, kila mteja na yake. Mzee akamwambia Mokami aongeze kompyuta mbili kabla ya siku ya mnada, soko kubwa la kila mwezi, la sivyo ahame. Mokami akasema haongezi hata waya. Wateja watatu wanachapa barua tatu, jenereta inakunywa mafuta ya mashine moja. Hizo nyingine ni za kuchapia au za kupigia picha?

Halafu mwalimu Benedicto akamharibia. Alimaliza barua yake, na kwa kuwa chuoni alifundishwa kwamba mstaarabu haondoki bila kuzima mashine, akaizima. Vioo vyote vitatu vikawa giza. Matiko, mchimbaji aliyekuwa akidonoa ombi lake la kazi tangu asubuhi, akabaki na kidole hewani. Wangwe hakukawia kupita pale kusema kwamba alikwishasema.

Mokami hakulia wala hakubembeleza. Alimgeukia Matiko.

"Wewe ukitoka shimoni, kamba unaivuta tu?"

"Nivute wenzangu wamo? Naita kwanza kama chini kuna watu."

"Basi na hapa utaita."

Akamchapia ombi lake upya, bure. Tangu hapo hakuna aliyegusa swichi kabla ya kuita, "Chini kuna watu?" Wachimbaji, ambao sheria hiyo waliishika kuliko zile amri kumi, walijibu bila kuinua macho. Wapita njia wakadhani Mokami kachimba shimo humo ndani.

Siku ya mnada Wangwe akaja kumtoa. Mokami akampa shikamoo yake, tena kwa heshima zote, na hakunyanyuka. Vioo vyote vilikuwa na watu. Mzee alipoona maneno hayasogezi kitu, akapeleka mkono kwenye swichi.

"Tata," Matiko akasema bila kugeuka, kama anayemwita baba yake, "chini kuna watu."

Mkono ukaganda. Fremu ile Wangwe aliijenga kwa dhahabu ya shimo alilochimba ujanani na wenzake, wote kwa kamba moja, na alijua vizuri mtu anayegusa kamba ya wenzake huitwaje. Mkono ukapanda, ukajifanya ulikuwa unakwenda kukuna sikio.

"Sasa huyu wa Mwanza nimwambieje?"

"Si anapenda kila mtu na chake?" Mokami akasema. "Mwambie ajenge fremu yake."