Siku Faustina Alipokataa kwa Adabu

Wapo watu wanaopendwa na wapo wanaohitajika, na pale Ruaha Mbuyuni Faustina alikuwa wa kundi la pili. Hakuna aliyekwenda kwake kupiga soga. Lakini mnunuzi akija na lori lake akataka vitunguu vishindiliwe kwa lumbesa, gunia lishonewe kilemba juu mpaka liwe gunia moja na nusu kwa bei ya moja, hapo wote walimkumbuka. Mwaka mmoja alimfuata mnunuzi wa namna hiyo mpaka barabarani, akapanda kwenye tairi la lori, akazikata kamba za magunia kwa kisu cha jikoni. Vitunguu vilimwagika kwenye lami, mabasi yakapiga honi, mnunuzi akapiga kelele za kuitisha polisi.

"Waite," Faustina alimwambia. "Na waje na mizani."

Siku ile watu waliuza kwa kipimo cha haki. Jioni walikaa vibarazani kwao wakasema yule mama ana mdomo mbaya.

Alikuwa ameolewa hapo akitokea milimani Kilolo, kwenye baridi, akateremka kwenye joto la bondeni akiwa msichana mwembamba asiyejua hata kupandikiza kitunguu. Mume alimfundisha kilimo, kisha akafa, akamwachia mtoto mmoja, Saulo, na shamba mkiani mwa mfereji. Saulo alikua, akaenda Mbeya, sasa anauza viatu sokoni Mwanjelwa na hupiga simu Jumapili. Shamba lilibaki, na ugomvi wa maisha yake wote umetoka kwenye hilo shamba.

Mfereji unachukua maji mtoni, pale kwenye banio, lango la kufungia na kufungulia maji, unapita kwenye mashamba ya juu, ya kati, halafu unakuja kufia mkiani. Wakulima wote wanaotumia mfereji ni wanachama wa umoja wao, na kila mwanachama ana zamu ya maji. Zamu hupangwa na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Liberatus, mzee mpole wa sauti, msafi wa shati, mwenye shamba linalopakana na banio. Kila uchaguzi alikuwa anarudi. Kila kiangazi vitunguu vyake vilinenepa, na maji yaliyofika mkiani yaliishia kulowanisha kandambili.

Mwaka wa jana Faustina alipoteza shamba zima. Vitunguu vilikauka wakati vinatunga, akavuna majani. Alikwenda kwa Liberatus akamkuta mezani.

"Maji ni ya Mungu, mama Saulo," Liberatus alimwambia huku anamega ugali.

"Mungu hana ufunguo wa banio. Ufunguo unao wewe."

Liberatus alitabasamu, akamkaribisha chakula. Faustina hakukaa.

Mwaka huu uchaguzi uliangukia wakati uleule mbaya. Vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kuvimba chini ya udongo uliopasuka, na kama wiki ile isingeleta maji, basi yangekuwa yaleyale ya mwaka jana. Mkulima anaweza kupoteza msimu mmoja akasimama. Akipoteza miwili mfululizo anakodisha shamba, anaanza kulima vibarua kwenye mashamba ya wenzake. Faustina alijua vizuri angekuwa kibarua wa nani.

Watu wa mkiani walikutana nyumbani kwa Tumpe. Huyu Tumpe alikuwa Mnyakyusa kutoka Tukuyu, kaolewa hapo, shamba lake linagusana na la Faustina. Walipaliliana miaka mingi, waliuguziana watoto, na ni yeye pekee duniani aliyeweza kumwambia Faustina anyamaze na akanyamaza kweli. Wakahesabiana, wakaona wao ni wengi kuliko watu wa juu. Wakakubaliana: Vitus, mkulima mwenzao wa mkiani, atalitaja jina la Faustina kwa uenyekiti.

"Ila dada, mdomo," Tumpe alisema. "Ukiulizwa kama unakubali, we usirukie. Watasema ana uchu. Kataa kidogo kwanza, kama wanavyofanya watu. Mimi nitapiga vigelegele, wamama watadaka, halafu ndo unakubali."

"Kwa nini nikatae kitu ninachokitaka?"

"Kwa sababu ndo adabu, dada. Hata Liberatus anakataa."

Ni kweli. Pale hakuna mtu wa heshima anayepokea cheo mara ya kwanza, kama vile hakuna mgeni wa heshima anayenawa mikono kabla hajaambiwa karibu mara ya pili. Kila uchaguzi Liberatus alisimama akasema amezeeka, wamwache apumzike. Watu walicheka, wakapiga makofi, naye akajifuta jasho na kukubali kwa masikitiko makubwa. Usiku ule Faustina alijifunza kukataa mbele ya kioo. Mwanamke aliyekata magunia ya watu hadharani alikuwa anajizoeza upole kama anayemeza dawa chungu.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la umoja, katikati ya harufu ya vitunguu vya zamani. Msimamizi alikuwa kijana aliyeletwa kutoka wilayani, na alionekana ana haraka ya kurudi. Liberatus aliketi mbele, amewageukia wanachama. Mkononi alikuwa na karatasi ya zamu za wiki ile, na alitangaza mapema, kwa sauti yake ya kanisani, kwamba ataisoma mkutano ukiisha. Watu wa mkiani waliitazama ile karatasi kuliko walivyomtazama msimamizi.

Jina la kwanza likawa la Liberatus. Akasimama.

"Jamani, nipumzisheni. Vijana wapo."

Vigelegele, makofi, kicheko. Akajifuta jasho. Akakubali.

Vitus akanyosha mkono, akamtaja Faustina. Mwingine akaunga mkono.

"Mama, unaridhia?" msimamizi aliuliza.

Faustina alisimama. Alikuwa amevaa kitenge kipya, mikono ameifunga mbele. "Ndugu zangu," alisema, na sauti ilitoka laini mpaka yeye mwenyewe akaishangaa, "nashukuru kwa kunikumbuka. Lakini mimi sistahili. Wapo wanaofaa kuliko mimi."

Akangoja vigelegele.

Tumpe alikuwa ameketi mstari wa pili. Liberatus alimgeukia, akamtazama, huku anaikunjua ile karatasi na kuikunja. Tumpe alifungua mdomo, akaufunga. Akainama kutafuta kitu kwenye kanga yake ambacho hakikuwapo. Wanawake wengine walikuwa wanamngoja yeye aanze, na kwa kuwa hakuanza, nao hawakudaka.

"Msimamizi, umesikia mwenyewe," Liberatus alisema kwa upole. "Mama amekataa. Tumheshimu."

"Nimekataa kwa adabu!" Faustina alipaza sauti. "Kila mtu humu anajua!"

Watu wa juu walicheka. Msimamizi alikuwa ameshaandika.

"Mama, mimi naandika ninachosikia. Ulisema hustahili, hukusema?"

"Nilisema. Na huyu alisema apumzishwe! Mbona yeye hukumpumzisha?"

"Yeye alikubali mwishoni."

"Kwa sababu alipigiwa vigelegele! Hivi wewe, kwenu ukikaribishwa chakula unaingiza mkono kwenye sahani mara ya kwanza?"

"Mama, kaa chini."

Aliwageukia watu wa mkiani. Vitus aliyemtaja alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwingine alikumbuka kukohoa. Faustina alimtafuta Tumpe kwa macho, na Tumpe hakuinua uso. Hapo ndipo alipoelewa, na kilichomuuma hakikuwa Liberatus hata kidogo. Liberatus alikuwa adui wa siku zote, adui aliyejulikana, unamkuta pale ulipomwacha. Tumpe alikuwa amemvua silaha yake, ule mdomo, kwa mkono wake, akamsukuma mbele ya watu, kisha akajificha kwenye kanga.

Mgombea alibaki mmoja. Msimamizi akataka wanaomkubali wanyoshe mikono, na ghala likajaa mikono, ya juu na ya mkiani. Wasiomkubali? Faustina alinyosha yote miwili.

"Mkono mmoja, mama," msimamizi alisema.

"Andika unachokiona," alimjibu, akatoka bila kungoja zamu kusomwa.

Alizisikia baadaye. Mkiani wamepewa mabaki, kama kawaida. Isipokuwa Tumpe. Tumpe alipewa asubuhi nzima ya Alhamisi, maji ya mfereji mzima, zamu ambayo haijawahi kuonekana mkiani tangu mfereji uchimbwe. Liberatus alikuwa mtu wa kukumbuka fadhila.

Jumatano mchana Tumpe alikuja shambani. Faustina alikuwa amechuchumaa anafukua kitunguu kimoja kwa kidole kuona kama bado kina uhai.

"Kamwene, dada," Tumpe alimsalimu kwa lugha ya Kilolo.

Faustina aliendelea kufukua.

"Dada, niliogopa. Nina watoto wanne na shamba ndo lile. Aliniangalia nikaogopa, basi. Sikupanga. Kesho nina maji. Ikifika saa nne nitakufungulia wewe. Nusu yangu na nusu yako."

Faustina aliendelea kukitazama kitunguu. Shina lilikuwa limelegea, lakini chini bado palikuwa pagumu, pana unyevu kidogo. Safari hii alitaka kukataa kweli. Alilitaka neno hilo kuliko alivyowahi kutaka neno lolote, alitaka kulitema na kuona linavyomwangukia Tumpe usoni. Akakirudishia kitunguu udongo wake.

"Nakubali," alisema.

Tumpe alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Akasogea akitaka kukaa naye kwenye tuta, pale walipozoea kukaa wakila mahindi wakati wa kupalilia.

"Usikae," Faustina alimwambia. "Maji nitayachukua. Wewe sikutaki."

Tumpe akaondoka akipita pembezoni mwa mfereji mkavu.

Alhamisi saa nne maji yalifika. Faustina aliyapokea kwa jembe, akayaelekeza jaruba moja baada ya jingine, akaziba, akafungua, mpaka shamba lote likanywa. Tumpe alikuwa amesimama ng'ambo, hatua chache tu, ameshika jembe lake. Mara mbili aliita, "Dada, yanatosha?" Faustina alimpa mgongo, akainamia kazi yake.