Seli za Mama Ndani ya Nta

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Nta, maana kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kukata vibonge vya nta vilivyohifadhi vinyama vilivyotolewa miilini mwa wagonjwa, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mdomo haukumkauka. Alimtania daktari, alimtania mfagiaji, hata hadubini ikigoma aliitania.

Siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake alikufa kwa saratani ya titi yeye akiwa na miaka tisa. Sasa alitaka kujua kama ugonjwa ule ni wa kurithi.

"Lazima tuanze na vinasaba vya mama yako, ndipo tujue kasoro ya kutafuta kwako. Kinyama chake kipo ghalani," daktari alimwambia, "ila kina miaka ishirini na mbili. Sidhani kama kitatufaa."

"Wewe mwanangu, usimkatishe mtu tamaa na mimi nipo!" Bi Nta akadakia.

Ilibidi atenge seli zenye afya na zile zilizougua. Kasoro ikionekana hata kwenye zile zenye afya, basi mama alizaliwa nayo. Akakata, akaondoa nta, akainamia hadubini akichokoa seli kwa ncha ya sindano mpaka shingo ikakakamaa. Wapi! Vinasaba vilikuwa vimekatikakatika, havisomeki.

Akamwita mwalimu. "Kilichobaki kinatosha mara moja tu. Nikiharibu, hakuna kingine. Nikate?"

"Kata, mama." Kisha kwa sauti ndogo: "Naweza kumwona kwanza?"

Bi Nta akamtegea hadubini. Mwalimu akaangalia kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama," akanong'ona.

Bi Nta, na mdomo wake wote, akajifanya anatafuta miwani, na miwani iko usoni.

Safari hii alizilowesha seli kwenye dawa ya kutoa vinasaba kwa siku tatu badala ya moja. Vinasaba vikasomeka: kasoro ilikuwepo, hata kwenye seli zenye afya. Mwalimu naye alipopimwa, akakutwa nayo. Alilia begani kwa Bi Nta mpaka koti jeupe likalowa. Lakini kwa kuwa sasa walijua pa kutazama, madaktari walikikuta kivimbe kidogo kama punje ya mtama titini mwake, wakakitoa.

Huu ni mwaka wa nne, na mwalimu yu mzima. Kila akija kupimwa hupitia maabara, na Bi Nta, kabla hata ya kuuliza majibu, humuuliza amekula nini.