Nyuzi za Mafuta kwenye Sanduku la Ekseli

Mwezi uliopita nilikuwa Syokimau nikingoja treni ya kwenda Nairobi. Fundi kijana alikuwa amechuchumaa kando ya behewa, akielekeza kifaa cha kupima joto kwenye ncha ya ekseli, mhimili unaobeba magurudumu. Nikamuuliza mafuta huwekwa wapi siku hizi. Akacheka kwa heshima. "Hizi beringi zimefungwa kabisa, mathe. Grisi iko ndani, hakuna mtu anafungua." Nikamwambia mimi niliwahi kufungua. Hakuniamini, na kabla sijamweleza tukaitwa kupanda. Basi nikueleze wewe.

Tulikaa kwenye nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli, stesheni moja ndogo mbele ya Konza: baba, susu yetu aliyemzaa baba, dada yangu mkubwa na mimi. Mama alibaki kijijini Muthetheni akilima. Baba alikuwa mtu wa mafuta. Treni ya mizigo ikisimama tu, alitembea ubavuni mwake na kopo lenye mdomo mrefu, akigusa kila sanduku la ekseli kwa mgongo wa mkono, kama unavyopima homa ya mtoto. Nilipenda kuisikia milio ya vifuniko vya chuma vya masanduku hayo akivifunga: kwaa, kwaa, hadi behewa la mwisho.

Mwaka huo mvua ya Novemba ilikataa kukatika. Kuni zote zililowa, na susu alikuwa mtu wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula kinachotaka moto wa nusu siku. Alipuliza jiko hadi akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kilichosikika kwa jirani. Siku moja dada alinishika mkono, tukaenda kwenye njia ya kando, ambapo mabehewa yalikuwa yakipakiwa magunia. Akainua kifuniko cha sanduku la ekseli. Mkono wangu mwembamba ukaingia ndani, ukatoka na fundo la nyuzi za pamba zilizolowa mafuta meusi.

Moto uliwaka kwa njiti moja! Susu hakuuliza kitu. Alitutemea mate ya baraka kifuani, na siku hiyo hakukohoa. Kesho yake tukarudi kwenye behewa lile lile, na keshokutwa pia.

Siku ya nne baba aliingia wakati wa chai ya jioni, akasimama mlangoni akinusa.

"Mwaitu," akamwambia mama yake, "hii moto mmewasha na nini?"

Susu alitutazama. "Ni mimi," nikasema. Sikusema "sisi", mkono ulikuwa wangu. Dada alikuwa anaangalia sufuria.

"Behewa gani?"

"Ile ya mwisho. Ya magunia."

Lilikuwa limeondoka muda si mrefu. Baba alitoka mbio bila viatu, nami nyuma yake, hadi ofisi ya mkuu wa stesheni. Huyo mzee alimpenda sana baba. Akashika simu, kisha akasita. "Niwaambie ni wezi? Hapa wezi si wako wengi?"

"Waambie ni nyumbani kwangu," baba akasema. "Lakini simamisha hiyo treni kwanza."

Tulingoja. Baba alinieleza pale pale, kwa sauti ya kawaida, macho yake kwenye simu. Ncha ya ekseli huzunguka chini ya kipande cha shaba, na uzito wote wa behewa umekaa juu ya shaba hiyo. Nyuzi zinashindiliwa kwa chini ziiguse ekseli. Kila inapozunguka, inajipaka mafuta kutoka kwenye nyuzi, kama ng'ombe anayekunywa mtoni. Ukitoa nyuzi, chuma na shaba zinasuguana zikiwa kavu, zinashika moto, na mwisho ekseli inakatika.

Simu ikalia. Treni ilikuwa imesimamishwa kabla ya mteremko wa Athi River. Sanduku lilikuwa likifuka moshi, shaba imeanza kuyeyuka. Hakuna aliyeumia.

Baba alinyang'anywa kopo lake miezi mitatu, akapelekwa kufyeka nyasi kando ya reli. Alitoka kila asubuhi shati lake limepigwa pasi. Hakunichapa. Aliporudishiwa kazi, alinifundisha kusokota nyuzi, kuziloweka na kuzishindilia: zisibane sana, zisilegee. Najua hadi leo.

Desemba tulikwenda kuiona stesheni ile, dada na mimi, sote sasa ni nyanya. Njia ya kando imeng'olewa. Ofisi imekuwa zizi la mbuzi, na treni mpya inapita mbali, juu ya nguzo za zege. Hakuna wa kugonga kifuniko, wala kifuniko cha kugongwa. Dada akasema, "Mimi nilikuwa najua. Baba alikuwa ameshanionyesha kazi ya hizo nyuzi. Nilijua na bado nikafungua."

"Na baba alijua kwamba unajua," nikamwambia. "Si ni yeye alikuonyesha? Na kifuniko kile nisingeweza kukiinua peke yangu."

Hilo hakuwa amewahi kuliwaza. Miaka yote hiyo! Alikaa chini kwenye jiwe, akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. "Hata siku moja hakuniuliza," akasema. "Sasa nitamwambia nani? Wote wameenda."

Nikakaa kando yake. "Umeniambia mimi," nikasema, na nikamngoja hadi alipomaliza kulia.