Gari la Mzee Liliingia Maji, na Mimi Ndiye Niliyelikausha

Admin, nifichie jina, maana huku Ujiji watu wanajuana na mimi ndiye mgeni. Ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, kuli wa mizigo, shule niliishia darasa la tano. Kwetu ni Masasi, kwenye korosho. Nilifika Kigoma na kampuni ya barabara. Kazi ilipoisha wenzangu wakarudi makwao, mimi nikabaki kwa sababu kule sikuwa na wa kumrudia. Mama alishafariki, mke alishaolewa na mtu mwingine. Simu yangu ikilia, ni mtandao wananikumbusha kuweka salio.

Nimepanga chumba kwa Mzee mmoja. Mwanzoni tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba tu. Nikitoka kazini najifungia, nasonga ugali kidogo kwenye sufuria ndogo, nakula nikiangalia ukuta.

Mzee ana gari, zile fupi za juu zenye tairi la akiba mgongoni. Masika iliyopita alipata msiba Mwamgongo. Kule watu wanaenda kwa boti, kwa hiyo gari aliliacha ufukweni pale boti zinapopakia, kama wanavyofanya wengi. Mvua ikanyesha, maji ya mlimani yakashuka yakakutana na ziwa, gari likazama kwenye maji ya matope mpaka kwenye viti. Aliporudi kutoka msibani alilikuta hivyo.

Tulilivuta hadi nyumbani. Mimi ndiye niliyefungua viti, nikatoa zulia, nikachota matope kwa kopo, nikaanika kila kitu uani. Mzee alikuwa akinitania, "Wewe mtu wa korosho, ukiikausha hii nakuoza binti wa Kiha wa huku." Siku hiyo mkewe, ambaye sasa namwita Mama, akaniita nikale nao mkekani, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani. Tangu hapo sijapika tena. Ananiita mwanangu. Nikichelewa kazini ananifunikia chakula. Mwenye kwao anaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu si dogo.

Sasa Mzee analiuza. Anataka pesa ya kumpeleka Mama akatibiwe macho, haoni vizuri. Ametia zulia jipya, viti vimeshonewa vitambaa, gari linang'aa. Injini ni nzima kweli, maana lilizama likiwa limezimwa na oili zote zilimwagwa zikawekwa mpya. Tatizo ni nyaya. Hivi karibuni lilituzimikia kwenye mlima kabla ya Mwandiga, taa zote za dashibodi zikawaka, tukalisukuma pembeni. Tulipokaa kidogo likawaka kama hakuna kilichotokea. Na ukivuta mkanda wa kiti cha nyuma hadi mwisho, utaona alama ya tope ambayo niliisugua ikagoma kutoka.

Mnunuzi ni dada mmoja wa Mwandiga, anauza mawese, anapeleka mpaka Kasulu. Alikuja na fundi wake. Fundi akapima oili, akaangalia moshi, akafungua rejeta, akazunguka nalo mpaka Buzebazeba na kurudi. "Injini bado mbichi hii, dada. Ukiiacha, mimi naichukua." Mikanda ya nyuma hakugusa, wala zulia hakufunua. Mzee akataja bei ya gari ambalo halijawahi kupatwa na kitu.

Adhana ya alasiri ikaita, Mzee na fundi wakaenda msikitini. Nikabaki uani na yule dada.

"Kaka, wewe unaishi hapa?"

"Ndiyo, dada."

"Hii gari angekuwa anainunua dada yako wa tumbo moja, ungemwambiaje?"

"Mimi ni mpangaji tu."

Akacheka. "Kwani nimekuuliza kodi?" Kisha akaacha kucheka. "Mimi natoka alfajiri peke yangu na madumu yangu. Ikinilalia porini, sina hata wa kumpigia simu."

Aliposema hivyo nilitaka kumweleza yote. Mdomo ukasema, "Inawaka vizuri." Si uongo, inawaka. Aliniangalia kidogo, akanishukuru, akaniachia namba yake nimpigie kama Mzee atapata mteja mwingine. Ijumaa anakuja kulipa na kuondoka nalo.

Jioni nikajaribu kwa Mzee. "Mzee, si tumwambie tu kwamba iliingia maji, apunguziwe bei?"

Akaacha kula. "Mimi nauza gari, siuzi mtumbwi. Injini maji hayakuigusa, na fundi wake kaja na macho yake." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Unakula kwangu halafu unanichimbia shimo?"

Mama alipapasa mkekani mpaka akalipata bakuli la samaki, akalisogeza upande wangu. Nilikula.

Ndugu zangu, Mzee si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshaamua. Nikimwambia yule dada, Mzee atajua ni mimi, maana mimi ndiye niliyeyachota yale matope na ndiye niliyemwomba aseme. Hata asiponinyang'anya chumba, mkekani hataniita tena, na matibabu ya Mama yatakwama kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, siku moja yule dada atakuwa amesimama porini na madumu yake, na mimi huku nimeshiba.

Nyie mlio na watu wenu, mngekuwa mimi mngempigia au mngekaa kimya? Nijibuni kabla ya Ijumaa. Hata wa kunitukana anitukane, nitasoma zote, maana huku sina mwingine wa kumuuliza.